Milio Miwili ya Kompyuta ya Mwalimu Chome

Kadzo Nzai alifika Milalani saa nne kasorobo asubuhi, begi la vifaa mgongoni, na hata kabla hajaketi alimwambia mwenye nyumba kwamba kompyuta itakuwa imewaka kabla ya adhuhuri. Alikuwa mtu wa kusema hivyo. Kibanda chake cha Ukunda, nyuma ya soko, kilijulikana kwa maneno hayo hayo: leta, nitaona, itawaka. Na mara nyingi iliwaka kweli.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, na pole kwa safari." Mwalimu Elijah Chome aliushika mkono wake kwa mikono miwili, kisha akageuka na kuelekeza kidole kwenye mlango wa chumba cha pembeni, sawasawa kabisa. "Imo humo. Tangu Alhamisi haijasema neno."

Mwalimu Chome hakuwa akiona. Surua ilimpofusha akiwa na miaka tisa, huko Kinango alikozaliwa, na sasa alikuwa na hamsini na miwili. Alifundisha historia katika shule ya sekondari isiyo mbali na nyumba yake, na kompyuta yake ilikuwa na programu iliyomsomea kwa sauti kila kitu kilichoandikwa kwenye skrini. Kwa msaada wa sauti hiyo alikuwa akisomea shahada kwa njia ya mtandao mwaka wa saba huu, jioni baada ya kazi na siku za mapumziko. Ulikuwa umebaki mtihani mmoja tu. Maswali yangetumwa kwa barua pepe Jumamosi hiyo hiyo saa tisa alasiri, na majibu yalitakiwa yarudi kabla ya saa kumi na mbili. Asiyeyarudisha angengoja mwaka mzima.

Na Alhamisi umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, ukakatika tena. Diski ya kompyuta ikafa papo hapo.

"Lewis alipita jana," alisema Mwalimu wakiingia chumbani. "Aliwahi kufanya kazi na wewe kule hotelini Diani, sivyo?"

"Ndiyo. Alisemaje?"

"Alisema, 'Mwalimu, hii mashine ishakufa bana, hata madhabodi imeenda, si ununue ingine tu.'"

Mwalimu alimwigiza Lewis vizuri mno, mpaka ile haraka yake ya watu wa bara, na Kadzo akacheka. "Lewis hutangaza kifo kabla ya kushika mshipa," alisema. "Nina diski mpya, na nina flashi yenye Windows. Dukani nimeijaribu asubuhi hii, inafanya kazi. Nabadilisha diski, nachomeka flashi, kompyuta inawaka kutoka kwenye flashi, tunaweka Windows upya, kisha tunaweka programu yako ya kusoma. Basi."

"Na ikishindikana?"

"Ikifika saa saba haijashindikana wala kuwezekana, tunachukua boda mpaka dukani kwangu, unafanya mtihani kule."

"Dukani kwako," alisema Mwalimu akivuta kiti, "jirani yako wa kulia anachomelea mageti na wa kushoto anauza spika. Mimi mtihani naufanya kwa masikio, Kadzo. Afadhali iwake hapa."

"Itawaka hapa."

Alilifungua kasha la kompyuta. Ilikuwa mashine nzito ya zamani. Miaka yake ya mwanzo ilikuwa kwenye kaunta ya mapokezi ya hoteli moja ya ufuoni, mahali pasipo na madirisha, upepo wa chumvi ukiingia mchana na usiku, mpaka hoteli iliponunua mpya na kuuza zile kuukuu. Ndani, skrubu zilikuwa zimepata ukoga wa kijani. Kadzo alipiga brashi, akapuliza vumbi, akatoa diski iliyokufa na kufunga mpya. Dakika kumi hazikuisha. Akachomeka flashi kwenye tundu la mbele, akawasha, na kuingia kwenye ule ukurasa wa mipangilio ya ndani ambao kompyuta huusoma kabla ya kufanya lolote. Aliyajua anayoyatafuta. Mashine ilikuwa imepangwa iwake kwa mtindo wa zamani, naye flashi yake aliitengeneza kwa mtindo mpya. Akabadilisha, akaweka flashi iwe ya kwanza katika foleni, akahifadhi. Kompyuta ikajizima na kujiwasha yenyewe.

Haikuiona flashi. Katika orodha ya vitu vya kuwakia kulikuwa na diski tupu peke yake.

"Matundu ya mbele yameliwa na chumvi," alisema. "Si neno. Ya nyuma yamejificha, yatakuwa mazima."

Alizima swichi ukutani, kama afanyavyo siku zote kabla ya kulivuta kasha, akaligeuza, akachomeka flashi nyuma, akawasha. Kidole chake kilikuwa tayari juu ya kibodi, kikibonyeza kitufe cha orodha mfululizo ili wakati usimpite. Orodha ikaja, na safari hii flashi ilikuwemo, jina lake na ukubwa wake.

"Umeiona?" aliuliza Mwalimu, aliyemsikia akivuta pumzi.

"Nimeiona. Sasa tazama."

Akaichagua. Skrini ikawa nyeusi. Mstari mdogo mweupe ukawaka na kuzimika pembeni, mara tatu, mara nne, kisha orodha ikarudi kama kwamba hakuna aliyegusa kitu.

Akaichagua tena. Weusi, mstari, orodha. Akazima ukutani, akahamishia flashi tundu jingine, akawasha. Vile vile. Akatoa flashi ya akiba begini, ambayo nayo alikuwa ameitengeneza mwenyewe wiki iliyopita na kuitumia kwenye kompyuta tatu za Ukunda. Weusi, mstari, orodha. Akatoa kipande kimoja cha kumbukumbu ya ndani, akakifuta, akakirudisha. Akachomoa diski mpya ili asiwe anaidhania bure. Kila alipotaka kugusa kitu ndani alizima kwanza ukutani, maana hakuwahi kuunguza mashine ya mtu na hakukusudia kuanza siku hiyo.

Jikoni mke wa Mwalimu, Nthambi, alikuwa akipiga mayai na siagi. Nthambi alikuwa Mkamba wa mashamba ya Shimba Hills, na keki zake zilikuwa zikiagizwa mpaka Ukunda. Siku hiyo alikuwa na keki ya ubatizo wa kesho yake. Harufu ya vanila iliingia chumbani pamoja na sauti ya adhana ya mbali, na Kadzo akatambua kwamba adhuhuri imefika. Ahadi yake ilikuwa imepita.

Hilo halikumtokea mara nyingi. Alijiuliza kama Lewis alisema kweli, kama madhabodi, ile bodi kuu ya ndani, ilikuwa imeungua kidogo, pale ambapo macho hayafiki. Lakini bodi iliyoungua ingeionaje flashi na kutaja jina lake? Akarudia kichwani mambo yote aliyoyafanya, moja baada ya jingine. Tundu, sawa. Flashi, sawa. Mipangilio, sawa, maana aliipanga kwa mkono wake mwenyewe. Hapo hakusimama hata kidogo. Mtu hasimami kukagua alichokifanya mwenyewe.

Mwalimu Chome alikuwa amekaa akisikiliza muda wote, viganja juu ya magoti.

"Kadzo," alisema, "naomba nikuulize jambo, na kama ni la kijinga uniambie."

"Uliza, Mwalimu."

"Mbona inalia mara mbili?"

"Inalia?"

"Ukiwasha. Ule mlio mdogo."

Kadzo aliujua mlio huo. Kila kompyuta ya aina ile hutoa kamlio kafupi inapoamka, naye alishausikia mara elfu mpaka akaacha kuusikia. "Hujitangaza tu kwamba imeamka," alisema.

"Najua. Miaka sita naiwasha mimi, na hulia mara moja. Lakini siku nikiwa nimeizima ukutani kabisa, kwa mfano tukisafiri kwa mashemeji, nikirudi na kuiwasha hulia mara mbili, na hukwama. Humwita Nthambi abonyeze kitu, kisha huendelea. Nilidhani ndiyo tabia yake." Aliupanga ushahidi wake kama mwalimu wa historia. "Leo ulipoiwasha mara ya kwanza ililia mbili. Ukabonyeza-bonyeza, ikajizima yenyewe na kujiwasha yenyewe, ikalia moja. Halafu ukazima ukutani. Tangu hapo, kila ukiwasha, ni mbili. Sijasikia moja tena."

Kadzo alibaki ameshika bisibisi hewani.

Kisha akaiweka chini, akazima ukutani, akahesabu mpaka kumi na kuwasha. Safari hii mikono yake aliiweka nyuma ya mgongo, asiguse kibodi.

Tii. Tii.

Na pale kwenye skrini, mahali ambapo asubuhi nzima alikuwa akipita mbio kwa kidole chake cha haraka, palisimama mistari miwili ya maandishi. Ilisema kwamba tarehe na saa hazijulikani, na kwamba mipangilio imerudi kama ilivyotoka kiwandani. Tarehe iliyoonyeshwa ilikuwa ya Januari mosi, mwaka ambao Kadzo mwenyewe alikuwa bado shuleni.

Alicheka kwa sauti, kicheko cha mtu aliyeupata mlango gizani. Nthambi akaja kuchungulia, mwiko mkononi.

"Mwalimu, kompyuta yako inasahau," alisema Kadzo. "Ndani yake kuna betri ndogo, bapa, mviringo kama sarafu. Kazi yake ni kuikumbusha mipangilio yake wakati hakuna umeme kabisa. Imekufa, na pengine ilikufa zamani. Mimi asubuhi nimeiambia iwake kwa mtindo mpya, ikakubali. Kisha nikazima ukutani, ikasahau yote, ikarudi kwenye mtindo wa zamani. Flashi inaiona, inaigusa, haielewi. Na mimi nalaumu flashi."

"Basi usizime ukutani," alisema Mwalimu.

"Ningeweza. Lakini umeme ukikatika saa kumi, ukiwa katikati ya mtihani, na ukarudi? Itaamka ikiwa imesahau tena. Itakwama kwenye maandishi haya, au haitaiona Windows kabisa, nami nitakuwa Ukunda. Nataka iamke bila ya mimi." Alikuwa amekwisha kuinama ndani ya kasha, akiing'oa ile betri kwa ukucha. "Hii tutaipata Msambweni mjini. Nitachukua boda, nusu saa niko hapa."

"Hebu niione," alisema Nthambi.

Aliichukua betri, akaipeleka kwenye mwanga wa dirisha na kuisoma namba iliyochongwa mgongoni. Kisha akatoka. Walimsikia akifungua kabati, akisogeza bakuli. Aliporudi alikuwa na mizani yake ya keki, ile nyembamba ya kioo, ameipindua, na kifuniko chake kidogo kimefunguliwa. Ndani yake ilikaa betri ya namba ile ile, inang'aa.

"Nimeinunua mwezi jana," alisema.

"Mama, na keki ya watu?"

"Sukari nimepima, siagi nimepima. Umebaki unga, na unga napima kwa mkono tangu utoto, kabla sijajua kwamba kuna mizani duniani. Chukua."

Kadzo alisafisha kikalio cha betri kwa pamba yenye spiriti, akaibonyeza betri mpaka ikalia tiki, akafunga kasha. Akaingia kwenye mipangilio upya: tarehe, saa, mtindo mpya, flashi mbele. Akahifadhi. Kisha akazima ukutani kwa makusudi. Nthambi hakurudi jikoni. Wote watatu walisubiri.

Kadzo akawasha.

Tii.

Wakasubiri zaidi. Mlio wa pili haukuja.

"Moja," alisema Mwalimu Chome, na akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Flashi ikashika. Skrini ikabadilika rangi, na ukurasa wa kuanzia ukatokea. Kadzo alibonyeza vitufe vitatu kwa pamoja, vile vinavyoiamsha sauti ya msomaji hata kabla ya Windows kuwekwa, na kompyuta ikaanza kusema: lugha, saa, kibodi.

Mwalimu alisimama. "Nipishe," alisema.

"Mwalimu, niachie mimi, ni haraka."

"Inaniambia mimi, siyo wewe. Nipishe."

Kadzo akampisha. Akaketi kitandani na kutazama vidole vya Mwalimu vikitembea juu ya kibodi, vikisimama kusikiliza, vikiendelea. Mara moja tu alimsaidia, sauti ilipotaja sehemu mbili za diski naye akataka kujua ipi ni ipi. Mengine yote Mwalimu aliyafanya mwenyewe, na alipofika mwisho na mashine kujiwasha upya, alikunja mikono kifuani kama mtu aliyemaliza kujenga ukuta. Saa nane u nusu programu yake ya kusoma ilikuwa mahali pake, barua pepe imefunguka kwa mtandao wa simu, na Nthambi alikuwa amelazimisha kila mtu ale wali kwa mchuzi wa kunde.

Maswali yaliingia saa tisa na dakika mbili. Kadzo na Nthambi wakatoka barazani, mlango ukafungwa. Kadzo angeweza kwenda zake, maana dukani kulikuwa na watu wanamngoja, lakini hakwenda. Alikula vipande vya keki vilivyokatwa pembeni na kusikiliza ile sauti ya ndani ikikimbia, ikikatizwa na mdundo wa vidole kwenye kibodi.

"Umejuaje kazi hizi?" Nthambi alimwuliza. Alikuwa akipaka keki krimu nyeupe, akiizungusha polepole.

"Hotelini. Niliajiriwa kufagia ofisi. Kompyuta ikikwama, wenye ofisi walikuwa wakienda kunywa kahawa mpaka fundi aje. Mimi nilikuwa nabaki nayo."

Saa kumi na robo jokofu la jikoni likanyamaza. Taa ya baraza, ambayo haikuwa na sababu ya kuwaka mchana, ikazimika. Na ndani ya chumba ile sauti ikakatika katikati ya neno.

Kadzo alikuwa tayari amesimama. Nthambi akamshika mkono.

"Mwache."

"Mama, hatajua kama..."

"Atajua. Mwache."

Dakika ilikuwa ndefu. Kuku walikuwa wakiparua uani kama kwamba hakuna lililotokea. Kisha jokofu likatikisika na kuanza kuvuma, na kupitia mlango uliofungwa wakasikia kitufe kikibonyezwa, na baada yake mlio mmoja mfupi. Kadzo aliushikilia ukingo wa kiti na kusubiri wa pili. Haukuja. Feni ikazunguka, muda ukapita, na ile sauti ikarudi, ikitaja saa na tarehe. Zote mbili zilikuwa za kweli.

Nthambi aliuachia mkono wake, akachukua kisu cha krimu. "Hata mimi moyo ulinidunda," alisema.

Saa kumi na mbili kasoro dakika ishirini mlango ulifunguka. Shati la Mwalimu lilikuwa limelowa mgongoni.

"Nimepoteza aya moja," alisema. "Nimeiandika upya. Ya pili ni bora kuliko ya kwanza."

"Umetuma?" aliuliza Kadzo.

"Nimetuma, na wamejibu kwamba wameyapokea." Alipapasa kiti, akaketi, akanyoosha miguu. "Kadzo, ile asubuhi uliposema kabla ya adhuhuri, ulikuwa na hakika?"

"Nilikuwa nayo."

"Na saa sita ilipopita?"

Kadzo alifikiri. "Ilipungua," alisema. "Kidogo."

"Mimi ndipo yangu ilipoongezeka. Hukunidanganya, na hukuondoka." Kisha akamgeukia mkewe. "Kuna keki, au yote ni ya watu?"

Miezi mitatu baadaye Kadzo alikuwa na kazi Msambweni, akapita Milalani kuwasalimu. Aliwakuta sebuleni na bahasha kubwa iliyokuwa imefika asubuhi hiyo. Ndani mlikuwa na cheti chake cha shahada, karatasi nzito ya chuo yenye muhuri. Mwalimu alikuwa ameiweka mapajani na kuipapasa kwa vidole vyote, kuanzia juu mpaka chini, akiutafuta muhuri. Alipoupata, akakomea hapo hapo na kuuzunguka kwa kidole gumba.

Nthambi alikuwa amekwisha kumsomea mara mbili. Mwalimu akampa Kadzo karatasi ile.

"Nisomee na wewe," alisema. "Polepole. Usiruke hata tarehe."

Kadzo akaketi karibu naye, akasafisha koo, akaanza na jina.